Mnada au bei moja: kutoka mshumaa wa London hadi chai ya Mombasa

Wengi wetu tuishio ughaibuni tumewahi kuuza kitu kwenye mtandao. Mtu anahama nyumba Leicester, au mkataba wake wa kazi Muscat umekwisha, ana cherehani au kamera asiyoihitaji tena. Anaipiga picha, anaandika maneno mawili matatu ya kuisifu, na kabla hajaitangaza anakutana na swali: je, iuzwe kwa mnada, au utaje bei yako mwenyewe? Aghalabu tunalijibu kwa kubahatisha. Sisi ambao kazi yetu ni uhandisi hatupendi kubahatisha, na tulipolifuatilia swali hili tukakuta ni kongwe sana. Limewashughulisha makarani wa London, wauza nguo wa Japani, wakulima wa karafuu wa Pemba na wakulima wa chai wa Kericho. Kwa hao wawili wa mwisho halikuwa swali la cherehani, bali la ada za shule na unga wa nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe. Mnada ni neno lenye asili ya Kiarabu, litokanalo na nidaa, yaani kuita kwa sauti. Dalali naye ni mwenye kuonyesha njia. Waingereza walilichukua neno lao kutoka Kilatini, na maana yake ya asili ni kuongeza. Kwa hiyo mababu zetu walimtazama mtu anayeita, na Warumi wakaitazama bei inavyopanda. Mtu akisimama mnadani Kariakoo atakubali kwamba wote walikuwa na haki.

Katika London ya karne ya 17 mnada ulikuwa na mtindo wa kuchekesha kidogo. Kipande cha mshumaa, chenye urefu wa inchi moja hivi, kiliwashwa mbele ya wanunuzi. Kila mmoja alitaja bei apendavyo maadamu moto unawaka, na mtu wa mwisho kutaja kabla ya moto kuzimika ndiye aliyechukua mali. Samuel Pepys, karani wa ofisi ya jeshi la majini aliyeandika shajara maarufu, alihudhuria mnada wa namna hiyo tarehe 3 Septemba 1662. Akagundua kuwa mnunuzi mmoja alikuwa stadi kuliko wenzake wa kutaja bei katika nukta ya mwisho kabisa. Alipomwuliza siri yake, yule bwana alimweleza kuwa mshumaa unapokaribia kuzimika moshi wake hushuka chini, na yeye alikuwa akiutazama moshi tu.

Sasa turuke zaidi ya miaka mia tatu. Mwezi Septemba 1995, huko California, mtayarishaji wa programu za kompyuta aitwaye Pierre Omidyar, mzaliwa wa Paris mwenye wazazi wa Kiirani, alifungua tovuti ya mnada aliyoiita AuctionWeb. Miaka miwili baadaye ikaitwa eBay. Kitu cha mwanzo kuuzwa, kwa mujibu wa historia ya kampuni yenyewe, kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, ikachukuliwa kwa dola 14.83. Mnada wake ulifungwa kwa saa iliyopangwa: siku ikifika na dakika ikifika, mlango umefungwa. Na haukupita muda kabla ya watu kufanya kama yule bwana wa moshi. Walikaa kimya wiki nzima, wakasubiri sekunde za mwisho, wakapiga bei moja kubwa ili wenzao wasipate nafasi ya kujibu. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza jambo hili na kuandika juu yake mwaka 2002. Walilinganisha mnada wa eBay na ule uliokuwa ukiendeshwa na Amazon miaka hiyo, ambao haukufungwa mpaka zipite dakika kumi bila bei mpya. Kwenye Amazon tabia ya kungojea sekunde ya mwisho ilikuwa ndogo zaidi. Watu ni walewale, kamera ni zilezile. Kanuni ya kufunga ndiyo iliyowabadilisha. Kwa mhandisi hili ni jambo tamu, maana ni kama kuona valvu moja ndogo ikigeuza mwendo wa maji katika mtambo mzima.

Mnunuzi mnadani ana hatari yake, nayo ilielezwa vizuri na wahandisi. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu mnada wa vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Hoja yao ilikuwa hii: kampuni kumi zikikadiria kiasi cha mafuta yaliyomo kwenye kitalu kimoja, kila moja itakosea kidogo, ama juu ama chini. Anayeshinda ni yule aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Basi kushinda kwenyewe ni dalili kwamba huenda umelipa kupita kiasi. Warumi walikuwa wameliona hilo kwa macho. Mwaka 193 askari walinzi wa Kaisari walimuua Pertinax, wakaunadi utawala wa dola nzima, na tajiri Didius Julianus akaupata kwa kumwahidi kila askari sesterce 25,000. Alitawala siku 66, kisha akauawa.

Kwa muuzaji, hata hivyo, mnada ulionekana kama neema. Kwa nini basi miaka michache tu baada ya kuanza kwake ule mtandao wa mnada ukaanza kuuacha mnada? Mwaka 2000 eBay iliweka kitufe cha kumruhusu mnunuzi achukue kitu papo hapo kwa bei iliyotajwa na muuzaji. Kabla ya muongo huo kwisha, mauzo ya bei moja yalikuwa yamefikia karibu nusu ya biashara yake yote, na baadaye yakaupita mnada kwa mbali. Tukirudi kwenye ile kalamu ya leza mbovu, sababu inaonekana. Hakuna mtu duniani aliyejua bei ya kalamu ya leza iliyokufa, kwa hiyo njia pekee ya kuijua ilikuwa kuinadi. Lakini leo mtu akiuza chaja ya simu, kuna chaja elfu nyingine zinazofanana nayo, na bei zake zote zinaonekana. Nani atangoje siku saba kushindania kitu anachoweza kukichukua sasa hivi? Liran Einav na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti juu ya wauzaji walionadi bidhaa na pia kuiuza bidhaa ileile kwa bei moja. Walikuta mnada huuza kwa urahisi zaidi lakini kwa bei ya chini, na bei moja hupata zaidi lakini mara nyingi kitu hubaki. Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote tutakayoyasimulia hapa chini. Mwenye kunadi anakubali kupunjwa ili mali iondoke, na mwenye kutaja bei anakubali kubaki na mali.

Bei moja nayo ina historia yake, na si ndefu kama tunavyodhani. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua duka la nguo liitwalo Echigoya mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, akauza kwa fedha taslimu na bei isiyojadiliwa, wakati wenzake walikuwa wakipeleka vitambaa majumbani kwa wakubwa na kupatana bei na kila mmoja kwa cheo chake. Uingereza, katika karne hiyohiyo, Wakristo wa madhehebu ya Quaker walikataa kupatana bei kwa sababu ya dini: anayesema kumi huku moyoni anataka sita amesema uongo. Marekani ilimpata John Wanamaker wa Philadelphia, aliyefungua duka mwaka 1861 na kuifanya bei iliyoandikwa kwenye kila nguo kuwa jambo la kawaida. Mara nyingi husemwa alifanya hivyo kwa ajili ya uadilifu. Sisi tunadhani kulikuwa na sababu nyingine ya kazi zaidi. Duka lenye wauzaji mamia haliwezi kumwachia kila kijana aliyeajiriwa jana madaraka ya kupatana bei, kwani mwenye duka hatajua jioni faida imekwenda wapi. Bei iliyoandikwa inamwezesha mtu asiyejua biashara auze.

Mchanganyiko wa njia hizi mbili tunauona katika magari yaliyotumika yanayokwenda Mombasa na Dar es Salaam. Japani magari hayo huuzwa kwa mnada, lakini ni mnada wa wanachama, watu wa kazi wanaojua kuisoma karatasi ya ukaguzi. Mwuzaji wa Yokohama akishalinunua, hulitia kwenye tovuti na bei yake. Mnunuzi aliyeko Mwanza hawezi kuligusa, kulisikiliza injini wala kulala chini ya uvungu wake, basi hatari ya mnada anaachiwa mjuzi, naye analipia ujuzi huo. (Akifika bandarini atakuta ofisi ya kodi ina orodha yake ya thamani, isiyojali sana yeye alilipa ngapi, lakini hayo ni ya makala nyingine.)

Sasa twende nyumbani. Historia ya mnada Unguja haiwezi kuandikwa bila Mkunazini, ambako watu walinadiwa. Walipangwa, wakatembezwa, wakakaguliwa meno na viungo, na dalali akaita bei. Mnada huo ulifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Pale pale Askofu Edward Steere, yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alijenga kanisa linalosimama mpaka leo. Tumelitaja hili kwa sababu wapo wanaoandika juu ya mnada kama kwamba ni chombo kisicho na hatia, mashine ya kutafuta bei ya haki tu. Mashine hiyo hupata bei ya chochote kitakachowekwa juu ya jukwaa, na haiulizi.

Mnada mwingine wa Unguja ni ule wa samaki, na huu hauna doa. Kila asubuhi samaki wakishushwa hunadiwa hapo hapo. Chewa wa leo si wa jana, jodari huyu ni mkubwa kuliko yule, na jua linapanda. Mvuvi hana barafu ya kumwezesha kutaja bei na kukaa akingoja, kwa hiyo hunadi.

Karafuu ni kinyume cha samaki. Ikishaanikwa ikakauka vizuri inaweza kukaa ghalani muda mrefu, na ndiyo maana karafuu ilimshawishi kila mtawala aiwekee bei. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ilikipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1937 kikapewa haki ya peke yake ya kununua karafuu kwa ajili ya kusafirisha. Wafanyabiashara wa Kihindi, waliokuwa wameishika biashara hiyo, wakasusa. Wenzao wa Bara Hindi, soko lililokuwa miongoni mwa makubwa kabisa ya karafuu yetu, wakawaunga mkono kwa kugoma kununua. Chama kilikuwa na bei, kilikuwa na ghala, na hakikuwa na mnunuzi. Mwaka 1938 ikabidi pande zote zikae na kuafikiana, na wafanyabiashara wakarudishiwa nafasi yao.

Baada ya Mapinduzi likaja Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968 na kupewa ununuzi wote wa karafuu. Wasomaji wenye jamaa Wete au Chake Chake hawahitaji kuelezwa. Kituo kilikuwa kimoja, mizani moja na bei moja. Miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda sana kwa sababu Indonesia ilihitaji karafuu kwa sigara zake, lakini mkulima wa Pemba aliisikia bei hiyo kwenye redio tu. Sehemu kubwa ilibaki serikalini. Kisha miaka ya 1980 mikarafuu ya Indonesia yenyewe ikaanza kuzaa kwa wingi, soko letu kubwa likajitosheleza, na bei ikaporomoka. Njia iliyobaki kwa mkulima ilikuwa usiku, mashua na pwani ya Kenya. Ilikuwa ni hatari, watu walifungwa kwa ajili yake, na bado walivuka, kwani upande wa pili palikuwa na mnunuzi aliyetaja bei nyingine. Tunauita magendo, na kwa sheria ni magendo. Lakini ukiutazama kwa jicho la muuzaji, ulikuwa ni mnada wa watu wawili: serikali ilitaja bei yake Wete, na Mombasa ikataja yake. Serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein ilipopandisha bei mwaka 2011, ikaahidi kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, sababu ya kuvuka ikapungua sana.

Hapo tunataka tusimame kidogo, kwa sababu watu huzungumza juu ya bei moja kana kwamba ni kitu kimoja. Wanamaker alitaja bei ya nguo zake mwenyewe. Huko Pemba aliyetaja bei alikuwa mnunuzi, tena mnunuzi wa peke yake. Muuzaji akishindwa kukataa, yale si maafikiano ya bei.

Tumalizie na chai, maana chai imepitia njia zote hizi, nasi tuishio Uingereza tunainywa kila siku bila kuuliza imefikaje. Mnada wa chai wa London ulianza mwaka 1679, ukiendeshwa na Kampuni ya Mashariki ya Indi, na kwa mshumaa uleule wa Pepys. Ulihamia mtaa wa Mincing Lane baada ya Kampuni kupoteza ukiritimba wake miaka ya 1830, ukadumu hata meli za mvuke zikaja na simu zikaja. Ulifungwa tarehe 29 Juni 1998. Sanduku la mwisho, chai ya Ceylon, lilinunuliwa na Taylors wa Harrogate kwa pauni 555 kwa kilo, na fedha zikaenda kwenye sadaka. Lilikuwa ni tukio la heshima tu, kwa kuwa biashara yenyewe ilikwisha hama zamani kwenda karibu na mashamba: Calcutta, Colombo, na kwetu Mombasa.

Mnada wa Afrika Mashariki ulianzia Nairobi miaka ya 1950 na ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Huuza chai ya Kenya na ya majirani, zikiwamo Uganda, Rwanda na Burundi, na bei hutajwa kwa dola. Wiki kadhaa kabla ya mnada waonjaji hupelekewa sampuli, nao huonja, hutema na kuandika. Utaratibu huu una maana, kwa sababu chai si chaja ya simu. Ya wiki hii yenye mvua si ya wiki iliyopita ya jua, na ya kiwanda hiki si ya kile cha ng'ambo ya mto. Janga la korona la mwaka 2020 lilipowazuia watu kukaa chumba kimoja, mnada uliingia kwenye kompyuta, na sauti ya mnadi ikanyamaza. Kwa hiyo wakulima wadogo wa Kenya, zaidi ya 600,000 walio chini ya shirika la KTDA, wakawa nao ni wauzaji wa mtandaoni, sawa na yule ndugu yetu wa Leicester na cherehani yake.

Bei ilikuwa mbaya miaka hiyo, na kilio kilikuwa cha kweli. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa majani aliyochuma, kisha mwisho wa mwaka hungojea bonasi, na bonasi ndiyo inayoezeka nyumba na kulipa shule. Julai 2021 ikaamuliwa kuwa chai ya KTDA isiuzwe mnadani chini ya dola 2.43 kwa kilo. Mnada ulibaki, lakini ukawekewa sakafu. Nia ilikuwa njema, hatuna shaka: bei iweze kugharamia uzalishaji na mkulima abaki na kitu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila hawakusema chajiuza kwa bei gani. Chai ya mashariki ya Bonde la Ufa, kama vile ya Nyeri, Kirinyaga na Murang'a, tangu zamani hupata bei ya juu, na kwake hiyo sakafu haikuwa kikwazo kikubwa. Chai ya magharibi, ya Kericho, Bomet, Nandi na Kisii, kwa kawaida hupata chini ya hapo. Mnunuzi wa Karachi au wa Cairo akiambiwa zote zinaanzia 2.43, atachukua iliyo bora kwa fedha ileile, au atanunua ya nchi nyingine isiyo na sakafu. Mnada uliokuwa ukitenganisha daraja na daraja kwa tofauti za senti chache uliambiwa usitenganishe. Chai ikaanza kurudi ghalani, makumi ya mamilioni ya kilo.

Mtu atauliza, si karafuu pia ilikaa ghalani? Naam, lakini msimu wa karafuu huja ukapita, na mti ukapumzika. Mchai haupumziki. Huchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, mwaka mzima, na usipochumwa jani hukomaa likawa halifai kitu. Kila wiki iliyopita ilileta chai mpya juu ya ile isiyouzwa, na chai ikikaa hupoteza harufu na uchangamfu wake. Ghala ni gharama, mkopo wa benki wa kumlipa mkulima mwezi hadi mwezi ni gharama, na vyote hukatwa kwenye bonasi ileile iliyokuwa ikilindwa. Waliokuwa wakikusudiwa kusaidiwa zaidi, yaani watu wa magharibi, ndio walioshikwa na mzigo mkubwa wa chai isiyouzwa. Wakati huohuo Tanzania, iliyokuwa ikipeleka chai yake Mombasa miaka yote, ilifungua mnada wake Dar es Salaam Novemba 2023.

Sakafu iliondolewa mwaka 2024. Chai iliyolimbikizwa ikarudi mnadani, ikiuzwa bega kwa bega na chai mpya iliyotoka kuchumwa, kwa bei ambayo waonjaji waliona inaistahili.